Mchoraji na Kucha za Mpishi

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, ndipo taabu iliponianza. Baba alifariki kipindi cha mvua, na kabla matanga hayajaisha tukaambiwa tuhame, tuingie kijiji kipya. Mama alibeba sufuria, dada yangu alibeba kuku, mimi nilibeba jembe la marehemu, refu kuliko mimi. Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kurudi kuidai. Ming'oko, ile mizizi ya porini, nimechimba, salfa nimepuliza kwenye mikorosho ya watu mpaka macho yakawa mekundu kama ya mnywa uraka, pombe ya mabibo. Leo nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asidhani naandika kwa sababu nimesoma. Naandika kwa sababu nimeshtuka, na mshtuko wenyewe haujanitoka.

Aliyenishtua ni Mchoraji.

Jina lake mnalijua wengine, na mimi silitaji. Kabila lake pia silitaji, maana watani wake wataanza kunidai jogoo. Kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa, kama umewahi kunyoa, kusaga mahindi au kununua nyama, basi umesimama mbele ya kazi yake. Vibao vya saluni, kuta za mabucha, milango ya mashine za kusaga, hata misalaba ya makaburini, vyote ni mkono wake. Alipima kwa uzi wa pamba aliouchovya kwenye unga wa mkaa. Aliuvuta ukutani, akaufyatua kwa kidole, na mstari ukatokea umenyooka kiasi cha kumtia fundi mwashi aibu.

Uso unaocheka hakuchora. Wenye saluni walimbembeleza awachoree wasichana wanaocheka, wavute wateja. Akawajibu kwamba uso unaocheka ukutani huchoka mapema, mwaka wa pili unakuwa kama unalia. Mwenye bucha mmoja kule Nanganga alimwambia amchoree ng'ombe. Alichorewa ng'ombe ambaye watu walishindwa kumtazama machoni, wakawa wanakwenda kununua samaki wakavu. Mwenye bucha akalalamika kwamba ng'ombe wake ana huzuni. Mchoraji akatazama kazi yake vizuri, akasema hana huzuni, ila anajua.

Alipaka maandishi ya msikitini na alipaka malaika wa kanisani, na pande zote mbili zilimhesabu kuwa ni wao. Mwezi wa Ramadhani hakula mchana. Krismasi hakukosa pilau. Nilipomuuliza yuko wapi hasa, alisema yuko kwenye ngazi.

Ila kilichompa jina zaidi ni mdomo. Mchoraji alijibu alichoulizwa, basi. Ukimuuliza saa, atakwambia saa. Hatakwambia kwamba basi lako limeshaondoka. Kijana mmoja alijenga kibanda cha simu karibu na mfereji, akamwita akipake. Mchoraji alikipaka siku tatu, kikapendeza mpaka wapita njia wakawa wanasimama. Siku ya nne ilinyesha mvua na kibanda kikalala chini. Kijana akamfuata kwa hasira, akamuuliza kama alijua pale chini ni tope.

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza rangi."

Hadithi hiyo tulicheka nayo miaka. Tukaifanya msemo. Mtu akificha jambo tunamwambia, wewe umeulizwa rangi. Mkewe peke yake hakucheka. Alikuwa akisema mume wake zamani alikuwa mpayukaji, anaongea mpaka na brashi zake, na kwamba ukimya ule ulimwingia tu kama maradhi. Hatukumsikiliza. Nani anamsikiliza mke wa mtu maarufu.

Mimi naye tulijuana kwa magunia. Nilipoanza kupata korosho zangu mwenyewe nilitaka alama. Nikamwambia anichoree kanga, yule ndege, kwa sababu kanga hafugiki kirahisi na mimi sikufugwa na mtu. Wengine wanatoboa bati, wanapiga rangi juu, gunia moja sekunde moja. Yeye alikataa bati. Kila gunia alichora kwa mkono, kanga mwenye mkia uliokunjwa kushoto na madoa matano shingoni. Nilimwambia anapoteza muda. Akasema kanga hawazaliwi kwa bati.

Nitaje na jambo la ghala, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Miaka kumi na minne iliyopita magunia yangu kumi na moja ya korosho yalitoka ghalani, na kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao mpwa wangu, mtoto wa dada yangu yule aliyebeba kuku. Kwetu mpwa ndiye mrithi wako. Ndiye damu ambayo huitilii shaka, na mali ikipotea ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Nilimpeleka mbele ya watu kwenye ofisi ya kijiji. Mshirika wangu wa biashara, mtu niliyemwamini kama mkono wangu wa kulia, alisimama akasema alimwona kijana akizungukazunguka ghalani. Nikatamka mbele ya wote kwamba kuanzia siku ile mimi si mjomba wake. Kijana aliweka ufunguo mezani, akaondoka kwenda Malolo, hakurudi. Dada yangu alipofariki tulisimama pande mbili za kaburi.

Siku mbili baada ya tamko lile Mchoraji alikuja nyumbani kwangu na ndoo yake ya rangi. Alikaa kwenye benchi mchana mzima. Mimi niliongea. Nilimweleza nilivyomlea kijana, nilivyomnunulia baiskeli, nilivyoumwa na nyoka niliyemfuga. Alinywa chai vikombe viwili. Jua lilipopinda alinyanyuka, akasema rangi imeanza kukauka, akaenda zake. Nilidhani alikuja kuomba kazi.

Sasa nije kwenye katuni.

Mjukuu wangu ni mwalimu wa sekondari, ameanza kazi juzijuzi. Kila Jumapili mchana hunitembelea. Kwa utani mimi ni mume wake, na mapema mwaka huu aliniambia, "Mume wangu, umezeeka kwa taarifa ya habari. Leo utaona kitu." Akaunganisha laptopu yake na tivii yangu. Mchoraji alikuwepo, alikuja kunichorea namba ya nyumba. Akaambiwa na yeye akae.

Nilipoona ni katuni nilitaka kutoka. Katuni ni za watoto, paka anamfukuza panya. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa ya Kijapani, ya mkasa. Mzee mwenye nyumba ya wageni mlimani, kwenye theluji, anakutwa amekufa ndani ya ghala lake la chakula, mlango umefungwa kwa ndani. Nyumbani mna watu tisa, na barabara imezibwa. Msichana wa posta aliyeleta barua siku hiyo ndiye anayeanza kuuliza. Hapigi mtu, hatoi bunduki. Anauliza tu, anaandika kwenye kidaftari. Mjukuu alikuwa akisimamisha picha na kututafsiria maneno.

Niliduwaa. Maiti ilichorwa, naijua imechorwa, na bado nilivuta miguu yangu juu ya kiti. Chai ilifuka moshi. Theluji ikimwangukia mtu begani inayeyuka. Mwanamke mmoja akilia hafungui mdomo, anabana tu kona ya kitambaa, nami nikamkumbuka mama na ile sufuria. Nikajiuliza ni nani huko mbali aliyemwona mama yangu.

Kipande kilipoisha niliambiwa kingine kinatoka Jumapili ijayo. Nilikasirika. Mjukuu akanituliza kwa kutuonyesha filamu fupi ya watu wanaoitengeneza. Hapo ndipo Mchoraji alipokaa wima.

Chumba kirefu, watu wameinama mezani na penseli. Mjukuu akaeleza kwamba mtu akiinua kikombe tu kwenye katuni, basi ni rundo la picha, kila moja mkono umepanda kidogo. Mmoja anachora mwanzo wa mkono na mwisho wake, mwingine anajaza katikati. Mwingine kazi yake miti na theluji, hachori mtu kabisa. Kuna wa rangi, kuna wa sauti. Kuna mzee wao anayepita na kusahihisha. Wengine hulala pale pale chini ya meza kazi ikibana.

Mchoraji aliuliza kama yupo mtu ambaye kazi yake ni moshi wa chai peke yake. Mjukuu alisema yawezekana kabisa. Mchoraji akasema, "Rudisha." Akarudishiwa. Akasema tena rudisha. Mara ya nne alijipangusa uso kwa kiganja chenye rangi, akabaki na mstari wa bluu shavuni.

"Maisha yangu yote," akasema, "nimechora vitu vilivyosimama."

Nilitaka kumtania, nikammiminia chai.

Jumapili iliyofuata alikuja kabla ya mjukuu. Kipande cha pili kilipoanza, mimi nilikuwa nimeshamjua muuaji. Kulikuwa na kijana mmoja mrefu aliyekuwa akizunguka karibu na ghala, mikono mfukoni. Nikasema mapema, ili baadaye wasinitoe kwenye ushindi, kwamba muuaji ni yule mpwa. Anataka kurithi nyumba ya mjomba wake. Mambo haya yako wazi.

Mchoraji hakunitazama. Alimuuliza mjukuu, "Wamesema ni mpwa wake?"

Mjukuu akasimamisha picha. Alifikiri kidogo. "Hapana, babu. Ni mgeni tu. Alikuja kuvua samaki mtoni. Hata mwenye nyumba hamjui."

"Basi ni mtoto wake wa nje," nikasema.

"Hajasema mtu hivyo, babu. Na huko kwao hata mpwa harithi namna yetu."

Nilihisi joto masikioni. Jumapili mbili nzima, tangu tulipoanza, nilikuwa nikimwona mpwa pale. Nilimpa ukoo, nikampa na sababu. Hakuna aliyeniambia. Niliweka mwenyewe.

Nikamgeukia Mchoraji nikamwambia yeye basi aseme ni nani, kama ni hodari. Nilikuwa nimemuuliza, kwa hiyo alijibu. Alisema ni mpishi. Nikacheka, mpishi alikuwa hajasema hata maneno kumi. Akamwomba mjukuu arudishe pale mpishi anapokata figili, akainuka, akaweka kidole kwenye kioo. "Tazama kucha. Kila kucha ina mwezi wake mweupe. Sasa tazama mikono ya hawa wengine, ni kama glovu. Huyu kachorwa na yule mzee anayesahihisha. Wengine wameachiwa vijana. Mtu hamalizi macho yake kwa kucha za mpita njia. Huyu wanamtunza, watamhitaji baadaye."

"Kwa hiyo wewe unaijua mikono ya wachoraji usiowaona?" nikamuuliza.

"Mkono ni mkono. Hata ukipakwa rangi juu."

Sijui kwa nini neno hilo lilinichoma. Labda kwa sababu ya ghala, labda kwa sababu masikio yalikuwa bado yana joto. Nilimwambia mjukuu azime. Kisha nikamuuliza Mchoraji swali ambalo sikuwahi kumuuliza yeye wala mtu mwingine.

"Yale magunia yangu. Unajua chochote?"

Aliketi. Aliketi polepole, kama mtu anayeshuka ngazi.

"Kufuli lile alikwenda kulinunua nani?"

Mshirika wangu. Nilimtuma mimi.

"Kufuli jipya linakuja na funguo ngapi?"

Mjukuu alinyanyuka bila kuambiwa, akaenda kwenye kabati, akaleta kufuli langu la geti ambalo bado liko kwenye karatasi yake. Funguo tatu. Alizihesabu kwa sauti, kisha akaziweka mezani. Mimi nililetewa mbili, na miaka kumi na minne sikuuliza kama zilitoka dukani mbili.

Mchoraji akaeleza, na alieleza kwa maneno machache. Jioni ya siku ile ile niliyomtangaza kijana, yeye alikuwa Nambambo akimpakia mshirika wangu kioski. Mlangoni pamening'inizwa gunia kama pazia. Mraba mweusi umepakwa katikati, na chini ya mraba umechungulia mkia uliokunjwa kushoto. Mkia wake yeye. Akaliomba lile gunia la kupangusia brashi, akapewa. Korosho zilikuwa zimeshakwenda kwa watu wa kangomba, wanaonunua kwa kificho.

Mshirika wangu amekwisha kufa. Nilichimba kaburi lake kwa mikono yangu, nikalia. Nilikaa pale mbele ya tivii iliyozimwa nikiona sura yangu kwenye kioo, na sikuipenda.

"Ulikuja hapa na ndoo," nikamwambia. "Ulikaa mchana mzima."

"Nilikaa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na jibu. Hukuwa na swali."

Nilimfukuza. Naandika ukweli, nilimfukuza mzee mwenzangu nyumbani kwangu mbele ya mjukuu, nikarusha na kopo lake la rangi nje. Mjukuu alikunja nyaya zake, akaniambia shikamoo badala ya kwaheri ya utani, na hiyo iliniuma kuliko matusi.

Kesho yake asubuhi nilikuta mlangoni kifurushi cha gazeti. Ndani mna kipande cha gunia, kigumu kwa rangi za kila namna alizopangusia, lakini pembeni kaacha mahali pasafi. Mkia uliokunjwa kushoto, na ukingo wa mraba mweusi. Miaka kumi na minne alipangusa brashi kwenye kitambaa hicho na hakugusa pembe ile.

Nilipanda bodaboda mpaka Malolo nikiwa nimekishika mapajani. Nyumba nilielekezwa. Mwanamke alitoka akanisalimia shikamoo mzee, akauliza namtafuta nani. Ndiye mke wa mpwa wangu, na hanijui sura. Mwenyewe aliitwa kutoka shambani, kwenye ufuta. Ameota mvi. Hilo pia lilinishtua, maana kichwani mwangu alikuwa amebaki kijana.

Sikuanza na msamaha. Nilimwambia nimekuja kumuuliza. "Yale magunia, ulichukua wewe?"

Alitazama kile kitambaa, akanitazama mimi.

"Hapana, mjomba."

"Haya."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo. Nimechelewa."

Mkewe alileta kiti, akaondoka. Kisha mpwa wangu akasema, "Mama alikufa anasema utauliza. Kila siku, kaka yangu atauliza tu." Hapo msamaha nikauomba, lakini ulikuwa mdogo sana kwa shimo lile, nami niliuona ulivyo mdogo. Aliniambia nile, nikala.

Wiki tatu baada ya kurudi Nachingwea nilisikia Mchoraji amelala, miguu imevimba, hapandi tena ngazi. Nilikwenda mchana. Chumba chake hakikuwa na picha hata moja, kuta nyeupe tupu. Mkewe alinipisha bila kunisalimia vizuri, na ana haki. Mchoraji mwenyewe aliuliza kwanza habari ya mpishi. Nikamwambia kipande cha tano kimetoka, mpishi bado anakata figili tu, na kucha zake bado zina miezi. Akafurahi. Halafu akauliza kama nimemuuliza kijana. Nikasema nimemuuliza, na hakuchukua.

"Sasa niulize na mimi."

"Nikuulize nini tena?"

"Ulishaniuliza siku ile, nikakujibu kijanja. Niulize tena."

Nikavuta kigoda karibu. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa," akasema. "Mshirika wako alinitazama nilipolikunja lile gunia. Alijua kwamba nimejua. Siku mbili sikulala, nikachukua ndoo nikaja kwako, nikasema akiniuliza hata habari za Nambambo tu, nitatoa. Hukuuliza. Nikarudi nimefurahi. Unasikia? Nimefurahi. Tangu siku ile nikaanza kujibu nilichoulizwa tu, kila mahali, kwa kila mtu, ili hata mimi nione ndivyo nilivyoumbwa."

Nilirudi nyuma kichwani, moja moja. Kibanda cha mfereji kilianguka baada ya ghala. Mabasi yaliyowaacha watu, baada ya ghala. Msemo wetu wote ule wa kuulizwa rangi. Kabla ya hapo, kweli, nilianza kumkumbuka kwenye ngazi akiongea na brashi zake, akinipigia kelele kwamba kanga hawazaliwi kwa bati. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa anajua alichokuwa akisema miaka yote, nasi tulikuwa tukicheka.

Sikumfokea. Hata ningetaka, ningemfokea nani, mimi niliyeongea mchana mzima na vikombe viwili vya chai. Nilimshika ule mguu uliovimba, nikaukanda mpaka akasinzia. Alifariki hajauona mwisho wa katuni. Na mimi bado sijauona, mimi na mjukuu tunangoja Jumapili.

Mtu akiniuliza nina nini leo, nitamwambia. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano. Nina mashine moja ya kusaga. Nina ekari kumi na nne za mikorosho, na mbuzi tisa. Nina tivii. Nina namba ya nyumba iliyochorwa nusu, saba imekamilika, mbili haina mkia, na sitaki mtu aimalizie. Nina kipande cha gunia. Nina ghala, na kufuli jipya nililokwenda kulinunua mwenyewe. Lilikuja na funguo tatu. Mmoja uko mfukoni mwangu, mmoja umetundikwa ukutani ambapo kila mtu anauona. Wa tatu nilirudi nao Malolo nikauacha mezani. Mpwa wangu hajautumia. Hajaurudisha pia.